Lango la Siku Hiyohiyo

Supu ilifika saa mbili asubuhi, na ilipikwa mchana wa siku hiyohiyo. Hilo ndilo lililomfanya Tusekile aisahau chai yake juu ya kaunta mpaka ikaota utando.

Bibi aliyeipokea, huko Iyunga, alikuwa amepiga simu dukani kushukuru. Alisema supu ya kongoro aliyotumiwa na mwanawe ilimkuta ndiyo kwanza anaamka, inafuka moshi, akainywa yote, usingizi ukampitia tena, na sasa ndiyo kakumbuka kutoa shukrani. Simu ilipokewa na Anyitike, mkuu wa duka, mtu mnene, mcheshi, ambaye tangu azaliwe hajapewa habari akakaa nayo. Alimjibu bibi kwa adabu zote, akamtakia afya njema, akakata simu. Kisha akageuka kuitazama sufuria ya supu iliyokuwa imeoshwa na kupinduliwa juu ya beseni ikijikausha. Mwana wa bibi yule alikuwa ameagiza baada ya adhuhuri. Supu ilipakiwa ikiwa inachemka, na wote dukani walishuhudia.

"Injinia," Anyitike akasema taratibu, "hiki chombo chako kimefanya nini?"

Tusekile akaligeukia lango. Lango lenyewe hakulitengeneza yeye. Lilikuja Mbeya kwenye makasha, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kusimama nyuma ya kaunta hata siku moja: fremu ya chuma yenye ukubwa wa dirisha la jikoni, ambayo ukiweka kifurushi ndani yake kinatoweka, kikatokea juu ya sinia ya kupokelea kule kilikotumwa, kwenye saa uliyoichagua. Katikati hapakuwa na safari. Supu haipoi na barafu haiyeyuki, kwa sababu hakuna njia inayopitiwa wala muda unaopita ndani ya kifurushi. Lilikuwa na mpaka mmoja tu, nao ni jua. Lango lilijishikiza kwenye jua la siku ile tangu linapochomoza, na jua likizama kila kitu hukatika, hata ungelibembeleza namna gani.

Kazi ya Tusekile ilikuwa kumwezesha mtu wa dukani alitumie. Walipolileta lilikuwa na vitufe vingi kuliko kinanda cha kanisani, na kitabu cha maelezo kilichohitaji mtu wa kukibeba. Tusekile alikaa masika yote nyuma ya kaunta za watu, akifunga vifurushi, akifokewa na wateja, akijifunza mkono wa mfanyakazi unavyokuwa pale foleni inapofika mlangoni na kila mmoja anataka mzigo wake ufike leo. Akaondoa vioo vya kugusa, maana vidole vyenye mafuta ya maandazi havigusi kitu kikasikia. Akaondoa maandishi, maana hakuna anayesoma huku anafokewa. Mwisho akabaki na gurudumu moja kubwa kama sinia ya pilau, lenye mshale na namba za saa, na pedali moja ya kukanyaga kwa mguu. Alikuwa anajivuna nalo waziwazi. Alipenda kusema kwamba chombo kikihitaji maelezo, basi hakijamalizika kutengenezwa.

Ndiyo maana hakumwelekeza mtu. Alimwomba sasa Subilaga, mfungashaji, amwonyeshe alivyoituma ile supu. Subilaga alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Alifuta mikono kwenye kitenge, akashika gurudumu, akausogeza mshale mpaka kwenye nane.

"Mteja alisema saa nane," akasema.

Tusekile akaitazama ile nane. Namba alizozichora zilianza na sita zikaishia na kumi na nane, zikihesabiwa tangu usiku wa manane, kama zilivyokuwa kwenye michoro ya wenye lango na kama zilivyokuwa kwenye saa ya ofisini kwake. Subilaga alihesabu saa kama mama yake na jirani zake wote, tangu jua linapochomoza. Nane ya mashine ni saa mbili asubuhi. Tusekile mwenyewe, akiwa nyumbani, angesema saa mbili bila kufikiri. Ila ofisini alikuwa na kichwa cha ofisini, na zile namba alizichorea ofisini.

Akamuuliza Subilaga zile namba za kumi na tatu mpaka kumi na nane alidhani ni za nini.

"Nilijua ni za mizigo mizito," Subilaga akajibu, na Anyitike akacheka mpaka akashika ukingo wa kaunta. Tusekile naye akacheka. Halafu kicheko kikamwishia mdomoni, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa bado limesimama pale. Wenye lango walikuwa wameapa kwamba haliwezi kurudisha kitu nyuma. Hawakulijaribu kamwe, maana kila mmoja wao alijua haiwezekani. Ilibidi apatikane mtu asiyejua kuwa anajaribu.

*

Anyitike ndiye aliyetaka wajaribu tena. Asubuhi ile aliondoka kwake bila kutia kitu tumboni, akashinda na njaa, na sasa aliona hakuna sababu ya kuendelea kuionea huruma njaa ya asubuhi wakati dawa yake ipo. Akachukua chapati mbili, akaziweka langoni, akaelekeza zifike saa mbili asubuhi kwenye sinia ya palepale dukani, mahali alipokuwa amesimama muda huo akihesabu mikate. Akakanyaga pedali.

Chapati hazikusogea. Akakanyaga kwa nguvu zaidi, kana kwamba lango halikusikia. Zikabaki pale zikimtazama.

"Labda halipendi chapati," akasema.

Tusekile akaziondoa zile chapati langoni. Akamuuliza kama ana hakika kwamba asubuhi hakuziona chapati pale kwenye sinia. Anyitike akamwambia njaa ile aliisikia yeye mwenyewe, hakusimuliwa. Basi Tusekile akauliza kama kuna sinia nyingine ambayo leo haijaonwa na mtu. Ilikuwapo moja, stoo ya nyuma, na stoo ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu jana. Akatoa limau moja kwenye kapu, akaligusa na kalamu kuliwekea alama ya msalaba, akausogeza mshale mpaka alfajiri kabisa, akakanyaga.

Limau likatoweka. Hapakuwa na sauti wala mwanga. Lilikuwapo, kisha halikuwapo.

Wakaenda stoo wote watatu, hakuna aliyetaka kutangulia. Subilaga akafungua kufuli. Limau lilikuwa katikati ya sinia, na ule msalaba juu yake. Upande wa juu lilikuwa limeanza kupata vumbi jembamba la stoo, na sisimizi walikuwa wamekwisha kujipangia njia ya kulizunguka, wanapita kwa mazoea, kama mnavyopita pembeni ya jiwe ambalo mmelikuta hapo tangu zamani. Lilikuwa limekaa pale tangu alfajiri. Lilikuwa limekaa pale wakati wao wanafungua duka, wanakunywa chai na kumsikiliza bibi wa Iyunga. Lilikuwa pale hata wakati Tusekile analitoa hilohilo kapuni na kuliwekea msalaba.

Tusekile akaliokota. Alikuwa amesoma miaka mingi mambo ya nguvu na mwendo, na hakuna hata ukurasa mmoja uliomwandaa kwa limau hili. Alitamani kupiga magoti, akaona haya. Subilaga hakuona haya. Alipiga goti moja sakafuni, akafumba macho, midomo ikimcheza.

Wakajaribu kutuma la pili kwenye sinia ileile, saa ileile. Likakataa, likabaki langoni kama chapati. Hapo ndipo Tusekile alipoanza kuelewa. Stooni walikuwa wamekwisha kuona limau moja, wala si mawili. Lango halikuwa linabadilisha asubuhi. Lilipitisha kile tu ambacho asubuhi ilikuwa imekwisha kukipokea, na pale ambapo mtu ameshaona kwamba hakukuwa na kitu, mlango ulikuwa umefungwa. Palipokuwa hapajaonwa na mtu, haikujulikana mpaka ujaribu.

*

Alipiga simu ofisi kuu ya wenye lango, akaeleza bila kuficha. Wakasema jambo moja tu. Lango lilikuja na pete ya chuma ya kuzuia mshale usirudi nyuma ya saa iliyopo. Kwa kuwa wote waliona haina kazi, hakuna aliyeifunga. Aifunge kabla jua halijazama. Hawakuwa wakali. Walikuwa na hofu, na Tusekile hakuwalaumu, kwa sababu naye alikuwa nayo.

Pete aliipata chini ya kasha. Alikuwa ameinama na spana mkononi, jua limeegemea upande wa Mbalizi, simu ya Subilaga ilipolia mlio wa ujumbe.

Tangu asubuhi mtandao wa milimani ulikuwa umekatika. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo, barabara ya kwenda Itundu ikafungwa na mnara ukaanguka nao. Itundu ndiko aliko Atuganile, mdogo wake Subilaga, mjamzito wa siku zake za mwisho. Sasa mtandao ulikuwa umerudi, na ujumbe uliokwama njiani tangu kabla ya saa tatu asubuhi ukaingia. Ulitoka kwa muuguzi wa zahanati ya kule, ambayo kama zahanati zote za milimani iliagiza dawa kupitia duka hili na ilikuwa na sinia yake ya kupokelea. Subilaga akausoma kwa sauti, polepole. Atuganile amejifungua mtoto wa kike. Mtoto mzima. Damu ya mama haikatiki na sindano za kuizuia zimewaishia. Tumeni upesi.

Subilaga akakimbilia friji ya dawa. Alifika, akaushika mpini, halafu akasimama hapohapo, mgongo amewapa. Hakuna aliyehitaji kumwambia ni saa ngapi sasa. Mtu havuji damu tangu asubuhi mpaka alasiri akasubiri.

Tusekile akalitazama gurudumu lake. Akalitazama tena. "Dada Subilaga," akasema, "leta hiyo dawa."

Simu ikaanza kulia. Kwenye kioo liliandikwa jina la zahanati. Subilaga akarudi mbio akanyoosha kidole, na Tusekile, kabla hajajua anafanya nini, akaifunika ile simu kwa kiganja.

"Usipokee."

"Ni wao. Wanataka kuniambia hali ya mdogo wangu."

"Ndiyo maana nakwambia usipokee. Wakikwambia dawa haikufika, tutakuwa tumeshajua, na itakaa hapo kama chapati za mzee Anyitike. Hatujasikia bado. Tukiwa hatujasikia, tunaweza kuituma asubuhi."

Subilaga alimtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Na kama anaaga?" akasema. "Kama wamemwekea simu sikioni aniage, na mimi nimesimama hapa naitazama inalia?"

Simu iliendelea kutetemeka chini ya kiganja cha Tusekile. Anyitike, ambaye utani wote ulikuwa umemtoka, akauliza kwa sauti ya chini: muuguzi si anajua tayari? Yeye ana jibu lake tangu asubuhi. Sisi kutojua kunamsaidia nini Atuganile?

Lilikuwa swali zuri kuliko yote Tusekile aliyowahi kuulizwa chuoni. Labda mambo yalikuwa yamekwisha kule mlimani na mkono wake juu ya simu ulikuwa ujinga mtupu. Labda yalikuwa yanaamuliwa na mguu ambao ulikuwa bado haujakanyaga pedali. Alichojua ni kwamba mtu aliyeambiwa nduguye amekufa haendi kufunga kifurushi. Anakaa chini akalia, na kifurushi ambacho hakikufungwa hakika hakifiki.

Lakini alijua na jingine, nalo lilimchoma. Katika kazi yake yote alikuwa na sheria moja, kwamba chombo kisimnyang'anye mtu uamuzi wake. Kimpunguzie mzigo, kisimwamulie. Na sasa alikuwa ameweka mkono wake juu ya simu ya mwanamke mwingine, juu ya ndugu wa mwanamke mwingine, kwa sababu yeye ameelewa limau.

Akaondoa mkono.

"Simu ni yako," akasema. "Na mdogo ni wako. Nimekwambia ninachofikiri, na huenda nimekosea. Amua wewe."

Simu ilikatika, ikaanza kulia upya. Subilaga aliishika, akaiweka kifuani, akafumba macho. Kisha mwanamke yule akailaza simu kaunta kifudifudi, taratibu kama anayelaza mtoto, akarudi kwenye friji. Akatoa kasha la sindano, akalifunga kwa mikono ileile inayofunga sukari na sabuni, kona kwa kona, utepe juu. Hakuharakisha na hakukosea. Akaliweka langoni.

"Mshale weka wewe," akasema. "Mimi nisije nikachanganya tena."

Tusekile akauweka kwenye tisa, saa tatu asubuhi, muda mfupi baada ya ule ujumbe kuandikwa. Subilaga akavua kandambili. Hakueleza kwa nini. Akaweka mguu mtupu juu ya pedali, simu nayo ikanyamaza wakati huohuo, na katika ukimya ule akakanyaga.

Kasha halikuwapo.

Hawakushangilia. Walisimama wakiutazama uwazi ule wa fremu, ambao upande wa pili wake ulionekana ukuta wa duka na kalenda iliyopinda, na Tusekile akafahamu kwa mwili mzima, si kwa akili tu, kwamba asubuhi iliyokwisha kupita ilikuwa imefungua mkono ikapokea. Alikuwa na furaha na alikuwa na woga, na hakuweza kuvitenganisha.

Simu ikalia tena. Mara hii Subilaga aliipokea.

"Dada, mbona hupokei?" Sauti ilikuwa dhaifu na imejaa lawama. "Tangu mtandao urudi nakupigia wewe tu."

Alikuwa Atuganile mwenyewe. Tangu mwanzo alikuwa ni yeye. Subilaga akashuka sakafuni akiwa bado ameishika simu, akawa analia na kucheka na kuuliza jina la mtoto, yote kwa pamoja. Vipande vya habari viliwafikia wengine kupitia kwake: muuguzi alipotuma ule ujumbe, simu ikiwa bado mkononi, kasha likaonekana juu ya sinia. Walijua ni mkono wa duka kwa namna ya utepe ulivyofungwa. Walichoshindwa kuelewa kutwa nzima ni nani aliyewaambia watu wa duka mapema hivyo.

*

Anyitike alitoka nje kupunga upepo. Tusekile alipaswa kujua maana yake, lakini alikuwa amekaa juu ya kasha, pete ya chuma mapajani, akifikiri.

Aliufikiria mji ambao watu wake hawapokei simu. Aliwafikiria kina mama wanaoogopa kuuliza, madaktari wanaoambiwa wanyamaze, majirani wanaokimbiana njiani kwa kuogopa kupeana habari, kila mtu akikimbilia duka lililo karibu jua likiwa bado lipo. Habari ya msiba ingekuwa sumu, na anayeileta mchawi. Haya yote yangetokana na gurudumu alilolitengeneza liwe rahisi, lisihitaji maelezo. Sababu za kuifunga pete zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa ya kweli.

Kwa upande mwingine palikuwa na mtoto wa kike, Itundu, ananyonya.

Simu yake ikalia. Ofisi kuu. Alilitazama jina likiwaka na kuzimika, akijua watamuuliza kama ameshafunga, na kwamba akishaisikia sauti yao atafunga. Hakupokea. Ndipo alipojiona alivyo, ameketi juu ya kasha anaogopa kusikia, naye ni wa kwanza katika mji ule.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamke kijana wa mtaa wa pili, muuza vitunguu, anahema. Alikuwa ameziba masikio kwa pamba, na juu ya pamba amejifunga mtandio mara mbili. Mkononi alikuwa na dawa ya pumu ya kuvuta. Alizungumza kwa sauti kubwa isiyo na mpangilio, kama asemavyo mtu asiyejisikia.

"Mzee Anyitike kasema mnaweza. Mwanangu alibanwa shuleni asubuhi, na dawa aliisahau nyumbani. Sijamuuliza mtu. Naomba msiniambie chochote."

Shule ile ilikuwa na sinia, ya chakula cha mchana. Tusekile alisimama, pete ikaanguka ikabingirika chini ya kaunta.

Mlangoni, nyuma ya yule mama, alikuwa amesimama mwalimu aliyekimbia kutoka shuleni kumtafuta. Alikuwa amefika na habari yake, akakuta masikio yamezibwa, akabaki hapo kizingitini. Uso wake ulikuwa mbele ya macho ya Tusekile, hatua chache tu, na chochote kilichotokea asubuhi kilikuwa kimeandikwa hapo.

Tusekile akainamisha kichwa haraka asiusome, akayakaza macho kwenye mshale. Akamnyooshea yule mama vidole, kumuuliza dawa ifike saa ngapi.